Boliti Mbili Zisizo na Kichwa

Kabla ya kugusa swichi ya gari la mtu, fundi huyu wa Gerezani, Dar es Salaam, huomba kadi ya gari. Wateja wengine hununa. Lakini anayetaka kitasa cha stelingi kitobolewe kwa drili huenda ndiye mwenye gari, huenda siye, na sura haisemi. (Fundi mwenyewe ndiye anayeandika haya, ameona afadhali ajitazame kwa mbali.)

Alianza akiwa spana boi, kazi yake kuosha vyuma kwa petroli na kumshikia taa mkubwa wake aliyejibana chini ya dashibodi. Huko ndiko alikojua kwamba pale ufunguo unapoingia pana vitu vitatu: silinda, swichi ya umeme kwa nyuma, na nyumba inayovibeba vyote, iliyofungwa kwenye nguzo ya stelingi. Ndani ya nyumba hiyo mna pini ya chuma. Ukichomoa ufunguo na kuzungusha usukani kidogo, pini huingia kwenye tundu la shafti, usukani ukagoma. General Motors ya Marekani iliusambaza mpango huo kwenye magari yake ya 1969, mwaka mmoja kabla ya sheria ya nchi hiyo kudai kinga ya wizi kwa magari mapya.

Walioibuni kinga hiyo walimfikiria mwizi, wakamtesa fundi. Nyumba hushikwa na boliti ambazo, kwenye Toyota nyingi, ni mbili, na vichwa vyake hukatika zinapokazwa kiwandani. Spana haina pa kushika.

Kwanza fundi hutoa waya hasi wa betri. Penye mfuko wa hewa kwenye usukani husubiri, na Toyota husema sekunde 90. Kisha hupiga alama katikati kabisa ya boliti, hutoboa polepole, hupachika king'oleo chenye meno ya kinyume, huzungusha. Wenye papara hushika patasi na nyundo. Mara nyingine boliti hutii; mara nyingine nguzo hupasuka, na kazi ya asubuhi hulala gereji.

"Fundi, si uniunganishie nyaya tu niende?" dereva wa daladala alimwambia siku moja.

"Kaka, nyumba imevunjika. Pini ikijirudi uko mwendoni, kona utaikata na nini?"

Kwenye kufunga ndiko anakowagombeza vijana wake. Boliti mpya zikazwe kwa kiasi tu, ufunguo uzungushwe, usukani ujaribiwe kufunga na kufunguka. Ukiridhika, ndipo ukaze mpaka vichwa vikatike. Ukivikata kabla, kosa lolote litakurudisha kwenye drili.

Ukinunua nyumba ya mtumba, dai na ufunguo wake, maana silinda nyingi hazitoki bila ufunguo kuzungushwa hatua moja. Gari likiwa na ufunguo wa chipu, usiutupe wa zamani: bila chipu hiyo injini haitawaka. Na rundo la funguo za duka, geti na kabati liache mfukoni. Uzito wake ndio unaoila silinda.