Siku lori lilipokataa kuwaka Mwakiro

Wengi mmetuuliza kwa nini vitabu vya darasa la mwisho vilifika usiku, na kwa nini sisi walimu tulishuka kwenye lori tukinuka mazutu. Leo tunawasimulia. Tunaeleza pia tulichojifunza njiani, maana hapa kambini kuna vijana wanaotaka kujua kazi ya gari, na kuna wababa waliokuwa mashoferi kule kwetu Uvira na Fizi ambao mikono yao siku hizi inakaa bure.

Tulikuwa wawili, walimu wa kujitolea. Tulipewa karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Mwisho wake ulikuwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Na Jumatatu wanafunzi wetu walikuwa wanaanza mtihani. Kwa hiyo hatukwenda kutembea. Tulikwenda Gitega kuchukua katoni kumi na mbili za vitabu vya hesabu na Kifaransa.

Gitega ndiyo mji mkuu wa siasa wa Burundi tangu 2019, lakini mtu aliyezoea kelele za Bujumbura ataona ni mji mtulivu, mji wa mlimani wenye baridi ya asubuhi. Kuna Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, na karibu na mji kuna Gishora, mahali pa ngoma za wafalme wa zamani. Ngoma hizo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Hatukuziona. Tulipita tu, tukaambiana, siku moja tutawaleta wanafunzi.

Jumamosi tuliondoka saa mbili asubuhi. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja, kuukuu kabisa, lina umri kutupita sisi wote wawili. Njia inateremka mpaka mto Ruvubu, halafu inapanda kwenda Karuzi, na kutoka pale inaelekea Muyinga. Ni milima juu ya milima. Migomba, kahawa, mikaratusi, na mabondeni watu wanainama katika mpunga. Vijana wa baiskeli wanashika lori kwa nyuma ili liwapandishe mlima. Konvwayeri anawafokea, wanaachia, halafu wanashika tena.

Karuzi tulikaa sana kwa kushusha mizigo ya mwenye lori. Tulipofika Mwakiro ilikuwa saa saba mchana. Mwakiro ni pale kabla hujafika mji wa Muyinga. Zamani ilikuwa komini katika mkoa wa Muyinga. Tangu mwaka 2025, Burundi ilipotoka mikoa 18 ikabaki na mitano, Muyinga yote iko katika mkoa wa Buhumuza. Shoferi alisimama tununue viazi vitamu na maji. Akazima moto. Hapo ndipo tulipopatikana.

Aliporudi akazungusha ufunguo. Tak. Akarudia. Tak. Basi.

"Papa shoferi, ni betri?" tukauliza.

"Mutulie, bana bangu. Gari inasema yenyewe. Tusikilize kwanza."

Neno hilo tumelishika. Alitueleza hivi. Ukizungusha ufunguo na kuna kimya kabisa, tafuta kwenye nyaya, fyuzi au swichi. Ikisema tak na taa zinafifia, umeme hautoshi: betri imechoka, au vichwa vyake ni vichafu. Ikisema tak na taa zinabaki na nguvu, angalia demareri yenyewe na nyaya zake. Na kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki, usipoteze muda kwenye betri. Shida ni chakula, maana yake mazutu au hewa.

Taa zetu zilififia. Akafungua sanduku la betri. Lori lile lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, zinatoa volti 24. Vichwa vilikuwa vimeota unga mweupe na kijani kama ukungu wa mkate. Alitoa kwanza waya wa masi, yaani ule wa kutoa, akakwangua kila kichwa kwa kisu mpaka shaba na risasi vikang'aa, akakaza tena, waya wa masi akaurudisha mwisho. Ukianza na ule wa kujumlisha, ufunguo wako ukigusa chuma cha gari, moto unaruka.

Akajaribu. Injini ikazunguka kwa nguvu. Tukapiga makofi. Lakini haikushika.

Ilikuwa saa tisa. Tukaitazama ile karatasi ya ruhusa kama vile tukiitazama sana saa itaongezeka. Mawingu yalikuwa yanakuja, na katoni zilikuwa juu bila turubai nzuri.

Ndipo akaja mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mti kando ya barabara. Tukamsalimia kwa Kirundi, "Amahoro." Yeye akajibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Tanzania.

"Nyinyi ni watu wa kambini, siyo?"

Tukanyamaza. Mnajua wenyewe, swali hilo mtu halijibu haraka. Akacheka kidogo.

"Msiogope wanangu. Mimi nilikaa Lukole, kule Ngara. Nilikimbia na mama yangu vita ile ya tisini na tatu. Malori ya chakula yalikuwa yanakufa mbele ya mlango wetu, na mimi nilikuwa nashika taa mafundi wakitengeneza. Hebu niangalie moshi."

Shoferi akazungusha kidogo, mzee akatazama bomba la nyuma. Hakuna moshi hata kidogo. Akasema: moshi mweupe ungetoka, mazutu yangekuwa yanafika ila hayachomeki. Hapa hakuna kitu, basi hayafiki. Akaingiza kijiti kirefu kisafi ndani ya tangi, kikatoka kimelowa. Mazutu yapo.

"Ulinunua wapi?"

Shoferi akainamisha kichwa. Miaka hii mafuta yamekuwa adimu Burundi, vituo vinakauka, na yeye alinunua kwenye bidoni kando ya njia. Mzee akafungua kibati chini ya filtri, akakinga kwa chupa ya plastiki. Yalitoka maji, halafu uchafu mweusi, halafu ndipo mazutu yenyewe.

Sasa sikilizeni vijana, hapa wengi wanakosea. Ukifungua filtri, hewa inaingia, na injini ya mazutu haiwaki ikiwa na hewa kwenye mipira yake. Mzee alilegeza skrubu ndogo iliyo juu ya filtri, akatuambia tupige pampu ya mkono. Tukapiga. Yakatoka mapovu, mapovu, mapovu, mpaka yakatoka mazutu safi bila povu. Akakaza skrubu huku sisi bado tunapiga. Kijana mmoja wa pale alipendekeza wamwage esansi kidogo kwenye mdomo wa hewa ili iwake haraka. Mzee alimkatalia kwa ukali: hiyo inaweza kupasua injini na kuunguza uso wa mtu.

Lakini betri sasa ilikuwa imechoka. Shoferi alikuwa ameishikilia demareri muda mrefu, na tulijifunza kwamba usizidishe sekunde kumi na tano, halafu uiache ipumzike dakika mbili. Ikabaki kusukuma. Lori lilikuwa linatazama mteremko mfupi ulionyooka. Watoto waliondolewa, hakuna mtu mbele. Ufunguo umefunguliwa, gia ya pili, klachi chini. Watu wa Mwakiro walikuja bila kuitwa, wababa, vijana, hata mama mmoja aliyetua jembe lake. Lilipopata mwendo shoferi akaachia klachi. Likakohoa, likatoa moshi, likawaka.

Angalizo: injini ikiwa imezimwa, breki na usukani huwa vizito. Na lori la breki za upepo lisisukumwe, maana upepo ukiisha magurudumu yanajifunga yenyewe.

Tulitaka kumpa mzee pesa kidogo. Alikataa. Alichukua ile chupa ya mazutu machafu, akasema yakitulia atasafishia minyororo ya baiskeli. Halafu akauliza, "Hivyo vitabu ni vya watoto?" Tukamjibu ndiyo. Akasema, "Sisi kule Lukole tuligawana kimoja watu sita." Akarudi chini ya mti wake.

Kambini tulifika saa moja na nusu usiku. Kizuizini tuligombezwa, majina yetu yakaandikwa, na ni haki, tulichelewa. Katoni mbili zililowa. Usiku ule ule wamama wa mtaa wetu walitandaza kurasa karibu na mbabula, wakazigeuza moja moja hadi zikakauka. Jumapili wanafunzi walisoma. Jumatatu waliingia mtihani.

Wababa mnaojua gari, tunawaomba kitu kimoja. Njooni darasani Alhamisi mchana muwafundishe vijana saa moja tu. Mzee yule alijifunza kazi akiwa mkimbizi, kwa kushika taa. Nasi tunao watoto wa kushika taa.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.