Kasa na Kifuko cha Bahari

Kisiwa cha Juani ki upande wa kusini-mashariki wa Mafia, nasi twavuka kwa mashua kutoka Utende. Wengi waendao huko hutaka kuyaona magofu ya Kua. Sisi twapenda zaidi maji yapwapo, kwa maana katika ghuba hiyo wamo viumbe wawili ambao hakuna awadhaniaye kuwa ukoo mmoja.

Kasa ajulikana. Hupanda usiku ufuoni, akachimba shimo mchangani, akataga mayai yapata 100, akayafukia, akarejea majini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka na kukimbilia baharini.

Wa pili, wengi hawana jina lake. Sisi twamwita kifuko cha bahari. Hushikamana na mawe na mizizi ya mikoko, laini, amejaa maji, mwenye matundu mawili, moja la kuyaingiza na moja la kuyatoa. Ukimbonyeza hukurushia maji usoni, jambo lipendwalo sana na watoto wetu. Watu humdhania mmea. Lakini mwaka 1866 mtaalamu wa Urusi, Aleksandr Kovalevsky, alionyesha kwamba akiwa mchanga huogelea kama kiluwiluwi, ana mkia na ufito laini ndani yake, mfano wa ule utokeao mgongoni mwa kasa angali yaini, na mwa mtu angali tumboni. Safari yake ni ya saa chache, au siku chache. Kisha hujibandika kwa kichwa, mkia ukayeyuka, na ubongo wake wa kwanza karibu wote, akakaa papo hapo akichuja maji hata kufa.

Basi msomaji atasema, huyu amefungwa na yule yu huru. Sivyo tuonavyo sisi. Kifuko huridhika na nguzo ya gati au tumbo la meli, na jamaa zake wengi wamechukuliwa hivyo hata bandari za mbali. Bali kasa jike, azungukaye baharini miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga, hurudi pwani za upande ule alikozaliwa. Jarife likimnasa njiani, au mayai yake yakichimbuliwa, hakuna kasa wa kwingine ajaye upesi kushika mahali pake.

Sheria yakataza kumwua, na tangu 1995 maji haya yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Illakini usiku ni mrefu, na kitoweo mara nyingine ni haba. Kwa hiyo wako wanakijiji wapitao ufuoni alfajiri wakitafuta nyayo zake. Wakiona mayai yametagwa karibu mno na maji, huyafukua polepole, wakayafukia juu zaidi, kwa kina kile kile.