Mtu wa Tatu

Yako maneno ambayo mtu huyatumia umri wake wote asiyaulize yametoka wapi wala yamebeba nini. Bima ni mojawapo. Neno hilo lilifika pwani kwa njia ya bahari, kutoka Uajemi na Bara Hindi, njia ile ile iliyoleta nahodha na bandari, likakaa vinywani mwa watu kama mgeni aliyezoeleka. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, katika skuli moja ya Unguja, alikuwa akiliandika ubaoni kila mwaka alipofika somo la maneno ya mkopo. Wanafunzi wakilinakili, naye akilifuta. Hakujua uzito wake mpaka siku mdogo wake alipoanguka.

Ilikuwa Pemba, mwaka 2019, katika njia ya Chake Chake kwenda Wete, magharibi inaingia. Kijana yule, fundi seremala, alimkwepa ng'ombe, akamgonga mzee aliyekuwa juu ya baiskeli, kisha akaanguka yeye mwenyewe na pikipiki ikamlalia. Mzee alivunjika mkono. Kijana alivunjika paja. Dada yake alipovuka na boti kwenda kumtazama, alimkuta kitandani, na kabla ya salamu kukamilika alitoa chini ya mto karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dada, bima ipo," alisema. "Nimelipa. Waambie ipo."

Bima ilikuwepo kweli. Baada ya ripoti ya polisi, fomu ya daktari na miezi ya nenda rudi, mzee wa baiskeli alilipwa matibabu na fidia ya mkono wake, na hakuna aliyeona kuwa hakustahiki. Lakini paja la fundi halikupata hata senti. Pikipiki nayo, iliyopinda uma wa mbele na kupasuka tangi, ilibaki uwani ikiota kutu. Karani wa kampuni, kijana mwenye adabu, alimweleza mwalimu bila ya kumdharau: "Hii ni bima ndogo, Mwalimu. Ni ya mtu wa tatu. Mdogo wako si mtu wa tatu."

Ili kijana atiwe chuma pajani na alishwe pamoja na mkewe kwa muda wa miezi tisa asiyoweza kusimama mbele ya meza yake ya kazi, familia iliuza miti saba ya mikarafuu aliyoiacha baba yao. Mnunuzi alikuwa jirani, naye hakuwapunja. Hata hivyo, kila msimu wa kuchuma ukifika, watu wa nyumba ile hupita kando ya shamba wakitazama chini.

Mwalimu alirudi Unguja na hasira. Aliiona kampuni kuwa mwizi na karatasi kuwa hila. Hasira hiyo ilidumu mpaka asubuhi moja darasani, alipokuwa akifundisha nafsi. Aliandika ubaoni: mimi, nafsi ya kwanza, ndiye msemaji, wewe, nafsi ya pili, ndiye msemeshwa, yeye, nafsi ya tatu, ndiye anayesemwa, naye hayupo katika mazungumzo. Chaki ikasimama. Mkataba wa bima nao ni mazungumzo. Mwenye chombo ndiye nafsi ya kwanza. Kampuni ndiyo nafsi ya pili. Mtu wa tatu ni kila aliyebaki: mzee wa baiskeli, mtoto anayevuka na kitabu chake, mwenye duka ambaye ukuta wake umebomolewa. Bima ndogo husema habari za yeye tu. Mdogo wake alikuwa mimi, na katika karatasi ile mimi hakuwa na kitenzi hata kimoja.

Tangu hapo hakuiona karatasi ile kuwa hila. Aliona kuwa ni ahadi iliyotolewa kwa watu wengine, na kwamba kosa lilikuwa kuisoma kana kwamba imetolewa kwa mwenye kuilipia. Sheria iliyoifanya bima hiyo kuwa ya lazima Uingereza, ya mwaka 1930, haikukusudia kumhifadhi mwenye gari. Ilikusudia kumhifadhi mwenda kwa miguu dhidi ya mwenye gari asiye na kitu cha kulipa. Sheria za mfano huo zikaenea katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na hadi leo mwenye chombo cha moto Tanzania hatakiwi kuingia barabarani bila ya kiwango hicho cha chini. Waislamu wa visiwani wanaielewa maana yake bila ya kusoma sheria, kwani dia nayo ni haki ya aliyeumizwa, na zamani jamaa wa mwenye kosa walichangishana kuilipa.

Mwaka 2024 mwalimu mwenyewe alifika mahali pa kuchagua. Nyumba yake iko Fuoni, skuli iko mjini, na binti yake wa miaka minane anasoma skuli hiyo hiyo. Daladala za asubuhi zilikuwa zikiwafikisha wamechelewa na sare zimekunjamana. Akanunua vespa iliyokwishatumika, rangi ya maziwa, kwa shilingi milioni tatu alizoziweka kidogo kidogo. Kabla ya kuipanda alikwenda kukata bima, na safari hii alikwenda na kalamu nyekundu ya kusahihishia.

Wakala alimwekea mezani viwango vitatu. Cha kwanza ni bima ndogo, ya mtu wa tatu peke yake. Cha pili huongeza moto na wizi: chombo kikiungua au kikiibiwa, mwenyewe hulipwa, lakini akikigonga ukuta kwa kosa lake, hasara ni yake. Cha tatu ni bima kubwa, ambayo hukusanya hayo yote na kuongeza uharibifu wa chombo chenyewe katika ajali, hata mwendeshaji akiwa ndiye mwenye kosa. Ada ya bima ndogo hutozwa kwa kiasi maalumu kufuatana na aina ya chombo na matumizi yake. Ada ya bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya chombo, kwa hiyo hupanda kadiri chombo kinavyokuwa ghali.

"Chukua kubwa, Mwalimu, ulale usingizi," wakala alimshauri.

Mwalimu alimuuliza swali moja: "Nikianguka nikavunjika mguu, bima kubwa itaulipa mguu?"

Wakala alifungua kijitabu cha masharti, akapekua, akanyamaza kidogo. Bima kubwa ile ilikuwa kubwa kwa chombo. Kwa mwili wa mwendeshaji ilikuwa na kiasi kidogo mno, kisichofika hata bei ya mkarafuu mmoja. Mguu ulihitaji kitu kingine, bima ya ajali binafsi, ambayo huuzwa peke yake au huambatanishwa kwa ada ya ziada.

Alilipeleka jambo hilo kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi kabla ya macho yake kuingia ukungu. Alimkuta barazani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mngurumo leo."

Alimweleza viwango vyote vitatu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwanza la dini: je, fedha hizo zina riba ndani yake? Mwalimu akamjibu kuwa kwa wenye shaka hiyo ipo takaful, ambayo washiriki wake huchangiana katika mfuko mmoja, iliyoanza kwa sura ya kampuni huko Sudan mwaka 1979, ikafika Kenya mwaka 2011 na Tanzania katika miaka hii ya 2020. Lakini ndani ya takaful nako mtu huchagua kiwango, na swali hubaki lile lile.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi nikuulize swali la chomboni. Bahari ikichafuka, utatosa nini kwanza?"

Alikuwa akizungumzia jambo alilolifanya kwa mikono yake, kutupa shehena ili chombo kielee. Desturi hiyo ni kongwe kuliko kampuni zote. Sheria iliyonasibishwa na kisiwa cha Rhodes, na iliyohifadhiwa katika mkusanyo wa sheria za Kirumi wa mwaka 533, ilisema kuwa mali ikitoswa kwa ajili ya usalama wa wote, hasara yake hubebwa na wote waliokuwa na mali humo. Nahodha hakuulizwa kwa nini ametosa. Aliulizwa kama ametosa kwa busara.

"Mchele hutoswa," alisema mzee. "Mbao hutoswa. Maji ya kunywa hayatoswi, na mtu hatoswi. Nahodha anayeanza kufikiri hayo wakati wimbi liko juu yake amechelewa. Hupangwa bandarini. Haya, niambie, ile vespa ni mchele au ni maji?"

Mwalimu alirudi nyumbani na swali hilo, akakaa na karatasi mbili kama akaavyo na madaftari ya wanafunzi. Kwenye karatasi ya kwanza aliandika hasara anazoweza kuzibeba. Vespa ikiibiwa, atalia, kisha atarudi kwenye daladala. Ikigongwa ubavu, fundi wa mtaani ataunyoosha. Hayo ni maumivu, si maangamizi. Kwenye karatasi ya pili aliandika asizoweza kuzibeba: kumlemaza mtu mwingine, kulemaa yeye, naye ndiye mlezi pekee, na binti aliyekaa nyuma yake.

Hapo kwa binti kalamu nyekundu ikafanya kazi. Ni nafsi ya ngapi mtoto aliyepakiwa? Wengi hudhani kuwa ni mtu wa tatu kwa kuwa hakushika usukani. Lakini sheria ile ya Uingereza ya mwaka 1930 haikulazimisha bima kwa anayepakiwa bila ya nauli, na Waingereza wenyewe waliliziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka 1971. Kwa hiyo jibu halimo katika dhana ya mtu wala katika jina la bima. Limo katika masharti ya karatasi husika. Katika karatasi aliyopewa, aliyepakiwa alikuwa nje, ila akiongezwa kwa jina na kwa ada yake. Ada hiyo ilikuwa ndogo. Wakala hakuitaja kwa kuwa hakuulizwa.

Alikuta na mengine. Palikuwa na nafasi ya kujaza thamani, nayo ina mitego miwili. Tuseme vespa ya milioni tatu imeandikwa milioni moja na nusu ili ada ipungue. Mkataba ukiwa na kifungu cha uwiano, uharibifu wa laki sita utalipwa laki tatu, kisha itolewe ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye chombo hujibebea mwenyewe. Na aliyeandika milioni sita kwa matumaini hatalipwa sita, kwani kampuni hulipa kwa bei ya sokoni ya siku ya hasara. Palikuwa na nafasi ya matumizi pia. Mpwa wake alikuwa amekwisha kumuomba vespa jioni apakie abiria. Bima ya matumizi binafsi huanguka pale nauli ya kwanza inapopokelewa, na kampuni ikikataa, mwenye chombo hubaki peke yake na mtu wa tatu aliyeumia. Alimwambia mpwa wake hapana, akamweleza sababu, na kijana akanuna kwa wiki nzima.

Mwishowe alikata bima ndogo, akaongeza aliyepakiwa, akaambatanisha ajali binafsi kwa ajili yake na binti yake. Bima kubwa aliiacha. Jumla ya ada ilipungua kidogo tu kuliko bima kubwa, na mwalimu mwenzake akamcheka kuwa amelipa karibu sawa na kukosa kinga ya chombo. Huyo mwenzake alikuwa na pikipiki mpya ya mkopo. Ikiibiwa, deni halitaibiwa pamoja nayo, na kwake bima kubwa ilikuwa chaguo la haki. Vespa ya huyu ilikuwa mchele. Pikipiki ya yule ilikuwa maji ya kunywa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba kiasi cha asilimia 21 kati yao walikuwa juu ya vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Gari lina mabati ya kuumia badala ya mtu. Bati la pikipiki ni ngozi ya mwenye kuipanda. Ndiyo maana kuchagua bima ya chombo hiki kwa kutazama bei yake peke yake ni kuitazama shehena na kuwasahau mabaharia.

Siku ya kwanza ya kwenda skuli kwa vespa, mdogo wake alikuwa Unguja, amekuja kununua mbao. Alitoka nje akichechemea, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake, akaomba kuiona karatasi. Aliisoma amesimama, polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika pahala palipoandikwa jina la mtoto. Akakikaza kishikizo cha helmeti chini ya kidevu cha binti, akakijaribu kwa kukivuta mara mbili.

"Mimi yangu sikuisoma," alisema.

Kisha akamrudishia dada yake karatasi, naye akaitia mkobani pamoja na chaki.