Namba 251

Ukitaka kujua umri wa Land Rover ya jeshi, usianze na injini. Injini iliyomo kwenye gari la Babu ni ya Toyota, iliyotiwa na fundi wa Karatina kabla mimi sijazaliwa. Usianze na taa pia. Za gari hili ziko kwenye madigadi, na Land Rover zilianza kuwekewa taa huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo zilibanana katikati, kwenye uso wa rejeta. Mjomba alizitazama taa hizo akakata shauri: marehemu alitudanganya, gari si la Waingereza, na bei yake ni ya chuma chakavu.

Babu alisimulia kwamba alilinunua mnadani mwaka 1964, jeshi la Uingereza lilipokuwa likifunga virago kuondoka Kenya. Sasa alikuwa amejitokeza mnunuzi wa magari ya kale kutoka Nairobi, tayari kulipa vizuri kama hadithi hiyo ni ya kweli. Kwa kuwa nasomea uzamili wa historia, kazi ya kuthibitisha ikaniangukia mimi, kana kwamba nyaraka na spana ni kitu kimoja. (Kusema kweli, haviko mbali sana.)

Madigadi za Land Rover hufungwa kwa bolti, na mwenye spana huzibadilisha apendavyo. Kwa hiyo niling'oa wavu wa mbele. Kwenye paneli inayoshika rejeta nikakuta matundu mawili ya mviringo yaliyozibwa kwa bati, mahali pa taa za zamani. Gari lilikuwa na umri mkubwa kuliko madigadi zake. Chini ya kila kiti cha mbele palikuwa na tangi la mafuta. Nyuma, ndoana nene ya kuvutia trela. Na chini kabisa, kitaa kidogo kilichoelekezwa kwenye difu, na difu yenyewe, nilipofuta grisi, ilikuwa na mabaki ya rangi nyeupe. Hicho ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote: msafara ukisafiri usiku na taa kubwa zimezimwa, dereva wa nyuma hulifuata doa hilo jeupe tu.

Namba ya chasisi ilikuwa karibu na springi ya mbele ya kulia. Nilisugua kutu kwa msasa, nikapaka chaki, ikajitokeza: inaanza na 251 na kuishia na herufi A. Namba 252 ingekuwa Land Rover ndefu ya petroli, usukani kulia, iliyoundwa kuuzwa nchi za nje. Hiyo ndiyo ungetarajia mlowezi wa Nyeri awe nayo. 251 ni gari lilo hilo, ila limeuzwa ndani ya Uingereza. Jeshi hununua kwao, kisha husafirisha. Herufi A ni ya toleo la kwanza la Series IIA, lililoanza mwaka 1961. Na kwenye mota ya waipa, kampuni ya Lucas ilikuwa imegonga mwezi na mwaka: 8 62. Mota peke yake haitoshi, maana nayo hubadilishwa, lakini hapa mashahidi wote walikubaliana.

Mjomba alipiga makofi. Nyanya hakupiga.

Nyanya hajawahi kupanda gari hilo hata siku moja. Kwake yeye, ndilo lililokuja usiku mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, akiwa na miaka kumi, likamchukua kaka yake mkubwa. Kaka hakurudi. Kwamba mumewe alikwenda mnadani akalileta gari lile lile uani pake ni jambo ambalo hakumsamehe, na walizaa watoto saba.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Wakati huo gari hili halikuwa limeundwa.

Nilikaa na hesabu hiyo wiki mbili. Darasani tuna maneno mazuri ya kueleza kumbukumbu za namna hii, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulitamka jikoni kwa Nyanya. Mjomba alinishauri ninyamaze: gari litauzwa, yataisha. Sikukubaliana naye. Miaka sitini ya kumnunia mtu kwa kosa ambalo hakulifanya si jambo la kufungia stoo.

Mwishowe nilimwonyesha picha kwenye simu: Series I, Land Rover za miaka ile ya 1954. Ubavu wake umenyooka kama ukuta. Za kuanzia 1958 zina ubavu uliojikunja kidogo, kama pipa. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka nje na shuka lake, akaweka kiganja kwenye ubavu wa gari la mumewe, akaupapasa pale unapojipinda, akarudia.

"Lile lilikuwa limenyooka," alisema. "Nililipiga ngumi."

Akaniangalia.

"Sasa lile liko wapi?"