Kiti cha Kukhu

Wiki hii nimekaa kwenye Marko 2, nikiwaza wale watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza kule Kapernaumu. Mlango umejaa, wakatoboa paa. Majina yao hatuna.

Nawaza hayo kwa sababu ya ziara yetu ya Msitu wa Kakamega. Kukhu mmoja wa kanisa hili, magoti yamemsumbua miaka mingi. Alikuwa ameshajitoa: "Pasta, nendeni tu, mtaniletea picha." Vile vigari vya betri ambavyo Wamarekani hukodi kwenye bustani zao za burudani, huku kwetu utavitoa wapi? Akina mama wakachanga, wakakodi kiti cha magurudumu mjini. Kikapanda kwenye keria ya matatu hadi Isecheno.

Penye njia pana kilisonga vizuri. Penye mizizi na tope, magurudumu madogo ya mbele yalizama, ikabidi tukigeuze na kukivuta kinyumenyume (shikeni mbinu hiyo, itawafaa). Kilima cha Lirhanda vijana wanne walimbeba na kiti chake, wakipokezana, naye akiwaimbia tenzi. Kule juu akanyamaza muda mrefu. Amezaliwa kando ya msitu huu, na hajawahi kuuona kutoka juu.

Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Mlango wa kanisa letu una ngazi tatu. Jumamosi fundi anakuja kutujengea mteremko. Simiti ipo, kokoto bado. Mwenye toroli aje nayo saa mbili asubuhi.