Dishi halikuwa na kosa

Kabla kebo ya intaneti ya SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, lawama zote za kompyuta zilikwenda kwa dishi. Setilaiti ilikuwa kilomita karibu 36,000 juu ya vichwa vyetu, na jibu kuchukua zaidi ya nusu sekunde lilikuwa jambo la kawaida. Lakini seva ya mafaili ilikuwa mle mle ofisini.

"Fundi, imestaki tena!" aliita dada wa uhasibu. Kipanya kilitembea vizuri, ila faili halifunguki. Niliandika amri ya df, ya kutazama nafasi ya diski, nayo haikurudi. Kwenye ps, orodha ya michakato, kadhaa ilikuwa na herufi D: inasubiri kitu ndani ya kerneli na haisikii amri, hata kill -9. Bosi akasema zima, washa. Kuzima nako kukaganda, maana Linux ilitaka kwanza kuachana na diski ya mbali. Tukabonyeza swichi ya umeme, kisha fsck ikaanza kukagua diski taratibu, watu wakaenda kunywa chai.

Kilichotupoteza ni ping. Seva ilijibu haraka, bila kukosa. Kumbe ping ya kawaida hubeba baiti 56 tu, ilhali NFS yetu, njia ya kufikia mafaili ya seva kupitia mtandao, iliyopita juu ya UDP, ilituma mafungu ya baiti 8,192. Ethaneti haipitishi zaidi ya 1,500 kwa mkupuo, kwa hiyo kila fungu lilikatwa vipande sita. Kimoja kikipotea, vyote hutupwa na kuombwa upya. Nikajaribu ping -s 8000 wakati ofisi imechangamka. Majibu yakaanza kurukaruka.

Nikatazama ifconfig ya seva: hesabu ya migongano inapanda tu. Mtu fulani alikuwa ameilazimisha swichi ya mtandao iende fuli dupleksi, kadi ya seva ikabaki oto. Oto isipopata wa kukubaliana naye huangukia hafu dupleksi. Basi upande mmoja unaongea muda wowote, mwingine unangoja zamu, kama baraza lenye mjumbe mmoja asiyejua mwenyekiti ni nani.

Nikairudisha swichi kwenye oto. Safari hii hatukuwasha upya mashine hata moja. NFS yetu ilikuwa ya aina isiyochoka kuomba, na ilikuwa bado inaomba. Kwa dada wa uhasibu faili lile lile lilifunguka madirisha chungu nzima, kwa kila alipolibofya tangu arudi kutoka chai.

Bosi alishampigia simu mtu wa dishi.