Komae: Mji ambao kadi iliyopinda ndiyo inayopendwa

TOKYO ni jiji la haraka. Katika kituo cha Shinjuku watu hupishana kama siafu, kila mmoja na saa yake kichwani. Lakini mgeni akipanda treni ya reli ya Odakyu kuelekea magharibi, haipiti nusu saa anashuka mahali ambapo mwendo hubadilika. Mahali hapo ni Komae.

Ni mji mdogo kwelikweli. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 7, na katika miji yote ya Japani ni mmoja tu unaouzidi kwa udogo. Hatua chache kutoka kituoni lipo hekalu la Senryuji na bwawa lake chini ya miti. Ukishuka upande wa kusini unakutana na mto Tama, mpana, wenye kingo za majani ambako watu hutembeza mbwa na watoto hujifunza baiskeli.

Mto huo una historia yake. Septemba 1974 ulivunja ukingo hapo Komae na kuchukua nyumba 19. Kwa miaka mingi, Mjapani akisikia jina la Komae alikumbuka picha za nyumba zikielea na kwenda na maji.

Siku hizi mji hujitambulisha kwa jambo la upole zaidi, ingawa nalo linahitaji maji. Hapa, wenyewe husema, ndipo ilipozaliwa etegami.

Barua yenye picha

Neno lenyewe halina ugumu. “E” ni picha, “tegami” ni barua. Etegami ni postikadi moja, ya sentimita 10 kwa karibu 15, ambayo mtu huichora kwa mkono wake, akaitia rangi za maji, akaandika maneno machache, akapiga mhuri mwekundu alioukata mwenyewe, kisha akaipeleka posta.

Aliyeieneza ni Koike Kunio, mzaliwa wa Matsuyama, mwaka 1941. Alikuja Tokyo kusomea maandishi ya brashi, sanaa ambayo Wajapani huiheshimu sana na yenye kanuni nyingi. Yeye akavutwa zaidi na barua kuliko mashindano ya maandishi mazuri. Akawa anawaandikia rafiki zake, na pembeni ya maneno anachora kile kilicho mbele yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, jarida moja la Tokyo liitwalo Ginka lilimwomba kadi za kuwekwa ndani ya nakala zake, na likataka zilizochorwa kwa mkono, siyo zilizopigwa chapa. Koike alichora 60,000 katika muda wa mwaka mmoja. Ukigawa kwa siku 365 unapata zaidi ya kadi 160 kila siku, Jumapili ikiwemo. Mwaka 1981 akaanza kufundisha wakazi katika ofisi ya posta ya Komae, na kutoka hapo madarasa yakaenea nchi nzima. Alifariki mwaka 2023. Anayetaka kuziona kazi zake leo anaweza kwenda Oshino, kijiji kilicho karibu na mlima Fuji, ambako kuna jumba la makumbusho lenye jina lake.

Kauli aliyowaachia wanafunzi wake inajulikana hata kwa wasiowahi kushika brashi: kutojua kuchora si kosa, na tena kutojua huko ndiko kuzuri.

Bilingani mezani

Ukiingia katika darasa la etegami hukuti sanamu ya kuigwa wala picha ya mwalimu ukutani. Mezani kuna vitu vya sokoni: bilingani, kitunguu, pilipili hoho, figili yenye udongo, tunda la msimu. Wengi wanaoketi hapo ni watu wazima, wanawake kwa wanaume waliostaafu, na wengi wao mara ya mwisho kuchora ilikuwa shuleni.

Kazi ya kwanza ni kutazama. Bilingani hugeuzwa, hunuswa, hupimwa uzito mkononi. Halafu huchorwa kubwa, kubwa hata sehemu yake itoke nje ya kadi. Sababu ni kwamba anayechora kitu kidogo katikati ya karatasi, mara nyingi anachora bilingani analolikumbuka. Anayelichora kubwa hana budi kulitazama lile lililo mbele yake.

Mstari huchorwa kwa wino mweusi bila kutangulia na penseli. Brashi hushikwa kwa ncha za vidole, juu kabisa mwishoni mwa mpini, ikiwa imesimama wima, na kiwiko hakigusi meza. Jaribu nyumbani uone: mkono lazima utetemeke. Ndivyo inavyotakiwa. Mstari huenda polepole kama mdudu atambaaye, na kila mtikisiko wa mkono hubaki kwenye karatasi. Mkono wa mtu wa miaka 80 huacha mstari ambao kijana hawezi kuuiga.

Rangi na maji yake

Rangi zinazotumika huitwa gansai. Ni rangi za maji za Kijapani, nzito kidogo kuliko zile za watoto wa shule, nazo huuzwa katika visahani vya mraba vilivyopangwa kwenye kisanduku. Lakini kazi kubwa haiko kwenye rangi, iko kwenye maji.

Kadi za etegami hutengenezwa kwa karatasi inayokunywa maji upesi. Tone likidondoka, husambaa kama chai kwenye kitambaa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kadi, brashi hugusishwa kwanza kwenye kitambaa kilichokunjwa ili itoe maji ya ziada. Rangi ikisimama kama kidimbwi juu ya karatasi, ncha ya brashi kavu huwekwa hapo nayo hunyonya.

Yapo mambo manne ambayo anayeanza huyasikia tena na tena.

La kwanza, subiri wino ukauke. Rangi ikiwahi, mweusi huingia ndani yake na bilingani likawa na matope.

La pili, weka rangi, usisugue. Karatasi ikisuguliwa ingali mbichi huota manyoya na haiponi tena.

La tatu, anza na rangi hafifu, kisha gusia iliyokolea wakati ya kwanza bado ina unyevu. Zambarau na buluu zikikutana hivyo huchanganyika zenyewe, bila mpaka, kama ngozi ya bilingani ilivyo.

La nne, acha mahali peupe. Pale taa inapong'aa juu ya bilingani hapatiwi rangi yoyote. Ule weupe wa karatasi ndio mwanga wenyewe, na ukishaufunika haurudi tena.

Hapo wengi hukosea kwa kutaka kukamilisha. Rangi hujazwa hadi kwenye mstari kama kitabu cha mtoto cha kupaka rangi, na mboga iliyokuwa hai ikalala. Kadi nzuri ina sehemu ambazo rangi haikufika, na nyingine ambako imevuka mpaka kidogo.

Mhuri wa raba, chapa ya kiazi

Mwisho huja mhuri. Japani mhuri mwekundu una uzito wa sahihi. Watu huutumia hata benki. Kwa etegami hauhitaji fundi wa jiwe. Raba ya kufutia penseli inatosha, ikatwe kipande cha mraba cha sentimita moja hivi, ichongwe herufi moja tu ya jina.

Herufi huchongwa kinyume ili ikigongwa isomeke. Njia nyepesi ni kuiandika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, kuilaza kifudifudi juu ya raba na kuisugua kwa ukucha. Penseli hujinakili yenyewe, tayari imegeuka. Kinachobaki ni kisu kidogo chenye makali na uangalifu wa vidole. Mhuri hupigwa baada ya maji kukauka kabisa, mahali ambapo picha inaonekana imepungukiwa. Chapa moja ndogo nyekundu huishika kadi nzima pamoja, kama kifungo kinavyoshika shati.

Desemba inapofika, mihuri hukua. Ni majira ya kadi za mwaka mpya, nengajo, na familia nyingi zimewahi kuchonga chapa ya mnyama wa mwaka kwenye kiazi mviringo. Mwaka 2025 alikuwa nyoka, 2026 ni farasi. Kiazi hukatwa kati kwa mkato mmoja ulionyooka, uso wake ukakaushwa kwa kitambaa, kwa maana maji ya kiazi huchuja rangi. Kisha rangi hupakwa kwa brashi juu ya kiazi chenyewe, mbili au tatu kwa pamoja, na kugandamizwa kwenye kadi. Hakuna kadi mbili zitakazofanana.

Anayetaka chapa itoe mstari tu, aje kuujaza rangi baadaye, atumie wino usioyeyuka kwa maji. Akikosea hapo, farasi wake atakimbia kweli: mguso wa kwanza wa brashi, miguu yote inaogelea.

Kadi zinazopungua

Posta ya Japani hupokea kadi hizi kuanzia Desemba 15, na zinazowahi kufika kabla ya Desemba 25 kwisha hutunzwa ili zifike pamoja asubuhi ya Januari 1. Tangu mwaka 1949 zinazouzwa na posta zina namba za bahati nasibu chini yake. Asubuhi hiyo, tarishi akishapita, familia huketi na kupekua bunda la kadi moja moja.

Bunda hilo lilikuwa daftari la uhai. Nyumba iliyofiwa ndani ya mwaka huwa haitumi salamu za furaha. Mapema, kabla ya Desemba kukolea, huwaarifu jamaa kwa kadi yenye rangi za kimya, nao huelewa wasiipelekee pongezi. Hivyo mtu alijua nani yupo, nani ameoa, nani amezaa, nani amefiwa, hata kama hawajaonana miaka 20.

Sasa daftari linafungwa. Kwa mwaka mpya wa 2004 zilichapwa kadi zaidi ya bilioni 4. Kwa mwaka mpya wa 2025 zilikuwa kama bilioni moja tu. Simu imechukua nafasi, na Oktoba 2024 gharama ya kutuma postikadi ilipanda kutoka yeni 63 hadi 85. Wazee wengi wameanza kutuma kadi ya aina mpya, yenye adabu zote: nashukuru kwa miaka yote, lakini hii ndiyo ya mwisho.

Ni rahisi kuwaelewa. Kadi 100 zilizochapwa kwa mashine, zenye maneno yale yale kwa kila mtu, ni mzigo kwa anayetuma na si zawadi kubwa kwa anayepokea. Lakini ikikatika kadi, mara nyingi uhusiano nao umekatika. Huyo rafiki wa zamani hatapigiwa simu. Siku akifa, habari itafika ikiwa imechelewa, au isifike.

Hapo ndipo meza ya Komae inapokuwa na la kusema. Etegami haisubiri Januari na haitumwi kwa watu 100. Ni mboga moja, kwa mtu mmoja, siku yoyote ya juma. Maneno yake huwa machache, ya mtu mwenyewe, bila methali wala hekima ya kuazima: figili ya mwaka huu ni kali, goti limepoa, mvua imegoma kuacha. Mpokeaji hahitaji kuelezwa zaidi. Mstari ukiwa umetetemeka kuliko wa mwezi uliopita, anauona, na anajua ni wakati wa kwenda kumjulia hali aliyeutuma.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Familia inayotaka kujaribu Jumamosi hii haihitaji gansai wala karatasi ya Kijapani. Manila iliyokatwa, rangi za maji za shule, raba, kiazi kimoja na kitambaa cha kupangusia vinatosha, ila maji yawe kidogo zaidi, kwa kuwa manila ikilowa hujikunja. Mtoto apewe kiazi na rangi. Kisu kibaki mkononi mwa mkubwa. Na bibi au babu naye apewe brashi, asiambiwe kwamba mkono wake unatetemeka.

Komae darasa likiisha, watu husafisha brashi, hukunja magazeti yaliyotandikwa mezani na kurudi na mboga zao nyumbani kuzipika. Kadi haiendi kwenye fremu wala kwenye albamu. Njiani kuna sanduku jekundu la posta, na kwa watu hawa picha haijawa etegami mpaka idondoke humo ndani.